Gari la Wagonjwa Lisipande Mbegu ya Ugonjwa

Nchi ya Kericho na Bomet ni nchi ya baridi na mvua. Mji wa Kericho uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 2,000, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Mvua hiyo ndiyo rafiki wa chai, lakini kwa mtu anayempeleka mgonjwa hospitali huwa taabu. Njia za vijijini hugeuka tope, gari huenda polepole, na watu walio ndani hufunga madirisha yote ili wasipigwe na baridi. Kwa maradhi mengine dirisha hilo lililofungwa lina madhara makubwa kuliko tope la njiani.

Maradhi yanayoelezwa katika somo hili ni yale yanayozuilika kwa chanjo: surua, ambayo wengine huiita ukambi, kifaduro, dondakoo, na pepopunda. Wazazi vijana wengi hawakuyaona kwa macho yao, wakadhani yamekwisha. Hayakwisha. Yalikuwa yamezuiliwa tu, kama maji yanavyozuiliwa na ukuta. Na ukuta ukipata ufa, maji hupita.

KWA NINI MARADHI HAYA YANARUDI

Chanjo ya surua ilianza kutumika Marekani mwaka wa 1963. Katika Kenya mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka wa 1980, na siku hizi mtoto hupewa sindano ya surua mara mbili: ya kwanza akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Watu wengi huuliza, "Ikiwa mtoto amekwisha kuchanjwa mara moja, sindano ya pili ni ya nini?" Jibu lake ni hesabu nyepesi.

Chukua watoto 100 waliozaliwa mwaka mmoja katika lokesheni moja, na 90 kati yao wakapata sindano ya kwanza. Sindano hiyo, ikitolewa katika umri wa miezi 9, huwakinga watoto kama 85 katika kila 100, kwa sababu kinga aliyorithi mtoto kwa mama yake yaweza kuwa bado imo mwilini, ikaizuia chanjo isifanye kazi yake yote. Basi katika wale 90 wanaokingwa ni kama 77, na watoto 23 wa mwaka ule hubaki bila kinga. Mwaka wa pili huongezeka 23 wengine, na mwaka wa tatu vivyo hivyo, na wa nne. Baada ya miaka minne watoto wasio na kinga wamekuwa 92, karibu sawa na watoto wote waliozaliwa mwaka mmoja. Cheche moja ikianguka katika majani makavu mengi namna hiyo, moto huwaka.

Ndiyo sababu wataalamu husema kwamba watoto 95 katika kila 100 hawana budi kupata sindano zote mbili. Na ndiyo sababu pia Serikali ya Kenya hufanya kampeni za kuwachanja watoto wengi kwa siku chache, kama zile za mwaka wa 2002, wa 2016, wa 2021 na wa Julai 2025.

Ukuta huu ulipata ufa mkubwa wakati wa ugonjwa wa korona. Katika mwaka wa 2021 watoto milioni 25 duniani walikosa sindano moja au zaidi za kuzuia dondakoo, kifaduro na pepopunda. Katika Kenya yenyewe, mwaka wa 2024 chanjo kadhaa ziliadimika katika vituo vya afya, na akina mama wakaambiwa warudi siku nyingine. Mama aliyeacha kuchuma chai siku nzima, akatembea mwendo mrefu na mtoto mgongoni, akirudishwa mara moja au mbili huenda asije tena.

Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Katika Kongo, tangu mwanzo wa mwaka wa 2019 hata Januari 2020, watu zaidi ya 6,000 walikufa kwa surua, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Katika Nigeria, dondakoo ilianza kuenea mwishoni mwa mwaka wa 2022, ikawaua watu wengi ambao sindano za utotoni zingaliweza kuwaokoa.

SAFARI MOJA, WAGONJWA WENGI

Mtoto wa miezi 14, asiyechanjwa, ameshikwa na surua, na ugonjwa umeingia mapafuni. Anapumua upesi upesi, na mbavu zake zinabonyea kila avutapo pumzi. Zahanati yaita gari la wagonjwa ili apelekwe hospitali kubwa. Hili si tukio la mahali fulani, bali ni mfano wa mambo yanayoweza kutokea.

Gari lafika. Aingia mtoto, mama yake, bibi yake na muuguzi. Jirani mwenye kitoto cha miezi 5 aomba apewe nafasi mpaka mjini, na kwa ajili ya utu apewa. Mvua yanyesha, madirisha yafungwa. Hospitalini hakuna aliyepewa habari, kwa hiyo mtoto apakatwa katika chumba cha kungojea saa nzima, katikati ya watoto wengine. Mara dereva aitwa tena: mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Gari lageuka papo hapo, na yule mama alala juu ya kitanda kile kile, akivuta hewa ile ile.

Mtoto wa kwanza atibiwa na kupona. Gari limefanya kazi yake njema. Lakini baada ya siku 10 hadi 14 kitoto cha jirani chapata homa, macho mekundu na mafua, kisha vipele. Katika watoto waliokuwa wakingojea hospitalini, wawili waugua. Na yule mama, ikiwa hakuchanjwa wala hakuugua surua utotoni, yeye na mtoto wake mchanga wamo hatarini.

Sababu yake ni tabia ya surua. Virusi vyake husafiri katika hewa, na huweza kukaa hewani ndani ya chumba au gari lililofungwa hata saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Katika kila watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, 9 huambukizwa. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, na huendelea mpaka siku 4 baada yake.

KABLA GARI HALIJAONDOKA

Chombo cha kwanza cha kuzuia madhara hayo ni simu. Katika nchi hii mgonjwa huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, au Longisa, au Kapkatet, au hospitali za misheni za Tenwek, Litein na Kaplong. Na akizidiwa hupelekwa mbali zaidi, Nakuru au Eldoret. Katiba ya mwaka wa 2010 iliziweka huduma za magari ya wagonjwa mikononi mwa Serikali za Kaunti, lakini ugonjwa haujui mpaka wa kaunti. Hospitali inayopokea haina budi kujua kabla, kwa maneno machache na dhahiri kama haya:

"Daktari, tunaleta mtoto wa miezi 14. Twadhani ni surua. Vipele vilianza juzi. Hakuchanjwa. Anapumua kwa shida na anapewa oksijeni. Tutafika baada ya saa moja na nusu. Tafadhali tuambieni mlango wa kuingilia, na mtutayarishie chumba cha peke yake."

Maneno hayo huchukua muda usiotimia dakika moja. Hospitali ikiyapata, mtoto hapitishwi penye foleni, na chumba huwa tayari. Tena hospitali ikiwa haina nafasi au dawa inayotakiwa, gari hupelekwa mahali pengine kabla ya kupoteza saa nzima njiani.

Baada ya simu, mambo matano huangaliwa.

La kwanza ni watu. Muuguzi na dereva wawe wamechanjwa au waliwahi kuugua surua, na hata hivyo muuguzi avae barakoa ya kuchuja hewa, ile inayobana uso vizuri. Mtoto afuatane na mtu mmoja tu. Mwenye kuomba nafasi, hasa mjamzito au mwenye mtoto mchanga, aambiwe kwa upole kwamba gari hili halimfai leo. Kumkatalia ndio utu wenyewe.

La pili ni vitamini A. Mtoto mwenye surua hupewa matone ya vitamini A siku ya kwanza na siku ya pili: yuniti 100,000 kwa mwenye miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kwa mwenye mwaka mmoja au zaidi. Dawa hiyo hulinda macho na kupunguza vifo. Isingoje safari, na saa iliyotolewa iandikwe, ili hospitali ijue kutoa ya pili kesho yake.

La tatu ni oksijeni. Hewa ya mahali penye kimo cha mita 2,000 ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kuliko Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Njia ya kwenda Nakuru hupanda juu zaidi penye Mau Summit kabla ya kuteremka. Kwa hiyo mtungi upimwe kwa hesabu wala si kwa kukisia. Mtoto anayepewa lita 2 kila dakika, kwa safari ya dakika 90, atatumia lita 180. Mtu mzima anayehitaji lita 10 kila dakika atatumia lita 900. Na mtungi wenye lita 680 utamwishia baada ya dakika 68, gari likiwa bado njiani. Kanuni njema ni kuchukua mara mbili ya kiasi kinachotazamiwa, kwa sababu ya tope na lori lililokwama.

La nne ni barua ya rufaa. Iandikwe siku ya homa, siku ya vipele, dawa zilizotolewa na saa zake. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kichukuliwe, maana ndicho shahidi wa chanjo.

La tano ni majina na namba za simu za wote watakaokuwamo ndani ya gari. Faida yake itaonekana baadaye.

NJIANI

Dirisha na lifunguliwe. Mtoto afunikwe blanketi na kofia, lakini hewa ipite. Hewa iingie upande wa dereva na kutoka nyuma, na mlango mdogo ulio kati ya dereva na mgonjwa ufungwe. Ikiwa gari lina chombo cha kubadili hewa, kiwekwe kivute hewa ya nje, wala kisizungushe ile ile ya ndani. Mgonjwa mkubwa anayeweza kuvumilia avae barakoa; lakini mtoto aliye chini ya miaka 2, au mtu yeyote anayetapia pumzi, asivalishwe.

Kila ugonjwa una adabu yake ya kusafirishwa.

Mwenye dondakoo huwa na utando wa rangi ya kijivu kooni, na pengine shingo huvimba sana. Utando huo usikwanguliwe, wala asichokonolewe koo kwa kijiti, maana huweza kuvuja damu au njia ya hewa ikaziba. Aachwe akae kama apendavyo. Asitembezwe hata hatua chache mpaka garini, kwa kuwa sumu ya ugonjwa huu hudhuru moyo, na moyo huweza kusimama ghafula. Dawa ya kuivunja sumu hiyo ni adimu. Basi kabla ya safari iulizwe kwa simu iko hospitali gani.

Kifaduro huwaua hasa watoto walio chini ya miezi 3, ambao hawajamaliza sindano zinazotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto mchanga huweza asikohoe kwa nguvu, bali akaacha kupumua tu, kimya, akabadilika rangi. Muuguzi asiondoe macho yake kifuani pa mtoto, na mfuko wa kusukumia pumzi uwe mkononi, si kabatini. Mgonjwa wa kifaduro huambukiza mpaka atumie dawa iliyo sawa kwa siku 5.

Pepopunda haiambukizi mtu kwa mtu. Yatoka katika udongo na samadi, kwa njia ya kidonda. Hapa hatari ni kelele, mwanga na mshtuko, ambavyo humkaza mgonjwa misuli mpaka akashindwa kupumua. Taa ipunguzwe, king'ora kizimwe barabara ikiwa wazi, na matuta yapitwe taratibu. Dereva anayekwenda kwa upole humsaidia mgonjwa huyu kuliko anayekimbia.

BAADA YA KUFIKA

Mwenye surua angoje ndani ya gari mpaka aitwe, kisha aingizwe kwa mlango ulioonyeshwa. Gari lifunguliwe milango yote mahali palipo wazi, lipanguswe kwa dawa ya kuua vijidudu, na ikiwezekana lisitumiwe mpaka saa 2 zipite.

Lakini mtu aweza kuuliza: je, mwanamke anayetoka damu akiita kabla ya saa hizo kwisha, na gari lingine hakuna? Asiachwe afe kwa ajili ya kanuni. Milango ifunguliwe, kitanda kipanguswe upesi, na gari liende na madirisha yote wazi, kwani upepo wa mwendo huiondoa hewa ya ndani upesi. Yeye na aliyefuatana naye wavae barakoa wakiweza, na hospitali iambiwe kwamba gari lilikuwa limebeba mgonjwa wa surua. Kati ya hatari mbili huchaguliwa iliyo ndogo, lakini haifichwi.

Sasa yaonekana faida ya yale majina. Mtu asiye na kinga aliyekaa karibu na mgonjwa wa surua akichanjwa ndani ya saa 72, huweza kuepuka ugonjwa. Wakati wa mlipuko hata mtoto wa miezi 6 huweza kuchanjwa, kisha akapewa zile sindano zake za kawaida umri ukifika. Mjamzito hapewi chanjo ya surua. Yeye amwone daktari upesi. Lakini ikiwa hakuna aliyeandika majina, saa hizo 72 hupita bure, na habari ya kwanza huwa ni vipele vyenyewe.

KAZI YA WAZAZI NA JIRANI

Wagonjwa wengi hawaji kwa gari la wagonjwa. Huja kwa pikipiki au kwa matatu iliyojaa watu, wakitoka katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa, ambamo jamaa nyingi hukaa karibu karibu, au katika mashamba madogo milimani. Mzazi mwenye mtoto mwenye homa na vipele amwite kwanza mhudumu wa afya ya jamii. Lakini mtoto anayepumua kwa shida, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au anayelala bila kuamka vema, asicheleweshwe hata kidogo. Apelekwe kwa chombo chochote kilichopo. Na mzazi afikapo langoni, kabla ya kukaa penye foleni, amwambie muuguzi wa kwanza amwonaye: "Mtoto wangu ana homa na vipele." Kwa maneno hayo machache huenda amewaokoa watoto wa wenzake.

Hata hivyo, gari zuri, dereva mwema na mtungi uliojaa ni vya kumwahi mtoto aliyekwisha kuangukia hatarini. Chanjo humzuia asifike huko, nayo hutolewa bure katika vituo vya Serikali. Aliyekuta imekwisha aulize siku itakayokuja, aandike namba ya kituo, na arudi. Na mtoto aliyepitwa na umri wa sindano asiachwe, bali apelekwe apimiwe sindano zilizosalia.

Wazazi wengine huogopa sindano kwa kuwa mtoto hulia na kupata homa usiku mmoja. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kilio cha sindano hukoma kabla mama hajafika nyumbani. Na safari ya kwenda kliniki, hata katika mvua ya Kericho, ni fupi kuliko safari ya usiku ya kwenda Nakuru, mama akisikiliza pumzi ya mwanawe na muuguzi akitazama mshale wa mtungi wa oksijeni ukishuka.